Waroma wa Romania: historia na jamii zao katika maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila Waroma wa Romania wanapotajwa, iwe darasani, katika habari za Ulaya, au miongoni mwa Waswahili wanaoishi katika miji ya Ulaya Magharibi na kuwaona watu hawa barabarani bila kufahamu walikotoka. Majibu yameanza na mambo ya msingi na kumalizia na yale yenye utata. Penye jambo lililokwisha kuelezwa, msomaji ameelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Waroma ni nani, na asili yao ni wapi?

Waroma ni watu ambao asili yao ni kaskazini mwa Bara Hindi. Walihama karibu miaka elfu moja iliyopita, wakapitia Uajemi na Armenia, wakakaa muda mrefu katika nchi za Dola la Bizanti palipozungumzwa Kigiriki, kisha wakaingia katika Balkani, kusini mashariki mwa Ulaya. Hawakuacha maandishi ya safari hiyo, kwa hiyo ushahidi mkubwa ni lugha yao, Kiromani, ambayo wataalamu wa Ujerumani waliitambua kuwa ni ndugu wa lugha za India katika miaka ya 1780.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyekua jirani na Wahindi anaweza kuupima ushahidi huo kwa masikio yake mwenyewe. Maji kwa Kiromani ni *pani*, na hesabu ya moja hadi tatu ni *jekh, duj, trin*. Lakini saba, nane na tisa ni *efta, oxto, enja*, ambazo ni za Kigiriki. Kiswahili nacho kilipokea sita, saba na tisa kutoka Kiarabu huku kikibaki na moja, mbili na tatu za Kibantu, na kwa njia hiyo hiyo hesabu ya Waroma inaonyesha walikokaa wakafanya biashara kabla ya kufika Romania.

2. Je, jina lao limetokana na Romania, au na mji wa Roma?

Hapana. *Rom* ni neno la Kiromani lenye maana ya mwanamume au mume, ilhali jina la nchi ya Romania linatokana na Warumi wa kale. Majina hayo yamefanana kwa bahati tu. Jina la zamani lililotumiwa na wenyeji, *țigan*, lilitokana na Kigiriki na kwa karne nyingi lilikuwa na maana ya mtumwa. Kwa sababu hiyo wengi huliona kuwa ni tusi, ingawa wapo Waroma wanaolitumia wao kwa wao.

3. Waroma wa Romania ni wangapi?

Sensa ya mwaka 1930 iliandika watu 262,501. Sensa ya 2011 ilipata 621,573, na ile ya 2021 ilipata karibu 570,000, yaani takriban watu watatu na nusu katika kila mia ya waliotaja kabila lao. Makadirio yanayotumiwa na Baraza la Ulaya ni makubwa zaidi, karibu milioni 1.85.

Tofauti hii isichukuliwe kuwa ni uzembe wa makarani wa sensa. Kila mtu huulizwa ajitaje mwenyewe, na wengi hujitaja kuwa Waromania, au Wahungaria huko Transylvania, eneo la kaskazini magharibi mwa nchi, ama kwa kuwa ndivyo wanavyojiona, ama kwa kuwa katika historia ya karibu, kuandikwa katika orodha ya Waroma kuligharimu maisha. Tazama swali la 10.

4. Je, Waroma wote ni jamii moja?

La. Katika nchi hiyo moja kuna makundi mengi, ambayo mara nyingi huitwa kwa kazi za mababu. *Căldărari* ni wafua shaba, *ursari* walikuwa wakizunguka na dubu waliofunzwa kucheza, *lăutari* ni wanamuziki, na *rudari* wanachonga vijiko na hori za mbao. Huko Transylvania wapo *Gabor*, wanaotambulika kwa kofia nyeusi pana za wanaume na kwa ufundi wa mabati na mifereji ya paa. Wengi wao ni Waadventista Wasabato. Mgabor na mpiga fidla wa kijiji cha kusini huenda wasioane, wasisali pamoja, na hata wasielewane lugha. Mtu akisema "Waroma wanafanya hivi," swali la kwanza la kumrudishia ni: Waroma gani?

## Utumwa na mwisho wake

5. Je, ni kweli kwamba walikuwa watumwa barani Ulaya?

Ni kweli, na jambo hili ndilo linalofahamika kidogo kuliko yote ilhali ndilo linaloeleza mengi zaidi. Katika Wallachia na Moldavia, nchi mbili ambazo baadaye ziliungana kuwa Romania, Waroma walimilikiwa kama mali kwa karibu miaka 500.

Hati ya zamani zaidi ni ya mwaka 1385. Ndani yake mtawala wa Wallachia, Dan I, anathibitisha kwamba monasteri ya Tismana inamiliki familia 40 za Waroma. Mwaka 1388 Mircea, aliyemfuata, aliipa monasteri ya Cozia familia 300. Huko Moldavia hati ya kwanza ni ya 1428. Kwa hiyo Waroma wanaingia katika maandishi ya nchi hiyo wakiwa tayari zawadi, wameorodheshwa pamoja na mali nyingine za watawa, na hakuna hati hata moja ya kabla ya hapo inayowataja kama watu huru.

Wamiliki walikuwa wa aina tatu: mtawala wa nchi, monasteri, na makabaila walioitwa *boyari*. Watumwa wa mtawala, kama wachenjua dhahabu wa mitoni, waliruhusiwa kuzunguka na kulipa kodi kila mwaka. Wale wa makabaila na wa monasteri waliishi hali ngumu zaidi, hasa waliokaa katika nyumba ya bwana wakiwa wapishi, wahunzi, waendesha magari ya farasi na wapiga muziki.

Asili ya utumwa wenyewe bado inajadiliwa. Mwanahistoria Nicolae Iorga aliuhusisha na uvamizi wa Wamongolia wa karne ya 13, kwa hoja kwamba Waroma walifika kama mateka wa Watatari, kama wavamizi hao walivyoitwa. Wengine wanasema waliingia wakiwa huru kutoka kusini mwa mto Danube, kisha wakafanywa watumwa kwa sababu ufundi wao, hasa wa chuma, ulihitajika na hawakuwa na mtu wa kuwatetea. Hoja ya pili ina nguvu zaidi kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, kwa kuwa inaeleza kwa nini mabwana walishikilia kwa muda mrefu hivyo watu ambao wangeweza kuwafukuza.

6. Sheria ilisema nini juu yao, na maisha yao ya kila siku yalikuwaje?

Sheria ya Wallachia ya mwaka 1818, iliyotolewa na mtawala Caragea, ilitamka kwamba Mroma huzaliwa mtumwa, na kwamba mtoto wa mama mtumwa ni mtumwa pia. Bwana hakuruhusiwa kumuua mtumwa wake, lakini aliweza kumuuza, kumtoa kama mahari ya binti yake, kumrithisha, au kumbadilisha kwa mali nyingine. Ndoa kati ya mtumwa na mtu huru ilipigwa marufuku.

Mihail Kogălniceanu, mwanasiasa aliyekulia Moldavia na aliyechapisha kitabu juu ya Waroma huko Berlin mwaka 1837, alihutubia Akademia ya Romania mwaka 1891 akakumbuka aliyoyaona utotoni mwake katika mitaa ya Iași, mji mkuu wa Moldavia. Alisimulia watu waliofungwa minyororo mikononi na miguuni, wengine wakiwa wamebanwa vyuma kwenye paji la uso au shingoni, na adhabu za kuchapwa, kunyimwa chakula, kuning'inizwa juu ya moshi na kutupwa uchi katika theluji. Kogălniceanu hakuwa mgeni aliyepita njia, kwani alitoka katika tabaka lile lile la wenye watumwa.

7. Je, huko Transylvania pia walikuwa watumwa?

Kwa sehemu kubwa hapana, kwa kuwa Transylvania ilikuwa nje ya nchi hizo mbili. Huko walikuwa chini ya dola la Habsburg, ukoo wa watawala wa Austria, ambalo katika karne ya 18 lilitaka kuwafuta kwa njia nyingine. Malkia Maria Theresa na mwanawe Joseph II waliamuru wahamaji watulie, wakaagiza waitwe "wakulima wapya", wakakataza lugha yao, na baadhi ya watoto wakanyang'anywa wazazi na kupewa familia za wakulima. Amri hizo zilitekelezwa kwa kiwango tofauti kutoka wilaya hadi wilaya.

8. Uhuru ulipatikanaje?

Ulikuja kwa vipande. Wallachia iliwaachia huru watumwa wa dola mwaka 1843 na wale wa monasteri mwaka 1847, na Moldavia ilipitisha sheria za namna hiyo mwaka 1844. Waliobaki ni watumwa wa makabaila, yaani wale ambao wamiliki wao ndio waliokuwa wakitunga sheria. Mapinduzi ya 1848 huko Wallachia yalitangaza uhuru kwa wote na kuunda tume ya kuutekeleza, lakini mapinduzi yaliposhindwa, watu waliokwisha kupata vyeti vya uhuru walirudishwa kwa mabwana.

Mwaka 1855 tukio moja lilishtua Iași. Dincă alikuwa mpishi mtumwa wa ukoo wa kikabaila wa Cantacuzino, na ilijulikana kwamba baba yake alikuwa bwana mwenyewe. Alikuwa amefuatana na jamaa hao hadi Paris, akaoa mwanamke Mfaransa aitwaye Clémentine, na mkewe akamfuata Moldavia bila kujua kwamba mumewe ni mali ya mtu. Mama mwenye nyumba alikataa kumwandikia uhuru licha ya kuombwa na wakubwa wa nchi. Dincă akamuua mkewe, kisha akajielekezea silaha mwenyewe. Mtawala Grigore Alexandru Ghica alisukuma sheria ya ukombozi, ikapitishwa Desemba 1855. Wallachia ilifuata Februari 1856. Inakadiriwa kwamba jumla ya walioachwa huru katika hatua zote ilikuwa kama watu 250,000, yaani karibu saba kwa kila mia ya wakazi. Tarehe 20 Februari sasa ni siku rasmi ya kumbukumbu nchini Romania, kwa sheria ya mwaka 2011.

9. Baada ya kuachwa huru walipewa nini?

Wao hawakupewa chochote. Waliolipwa fidia ni mabwana: huko Wallachia sarafu 10 za dhahabu kwa kila mtu aliyeachwa huru. Jambo hili halitamshangaza msomaji wa Unguja, ambako amri ya mwaka 1897 nayo iliwafidia wenye watumwa na si watumwa.

Aliyetoka utumwani bila shamba, bila nyumba na bila mtaji alikuwa na njia chache. Wengi walibaki kwa mabwana wale wale wakifanya kazi zile zile. Wengine walijenga kwenye kingo za vijiji, karibu na mto unaofurika au nje ya mpaka wa mashamba, na hadi leo mtaa wa Waroma katika vijiji vingi uko mahali hapo hapo. Wengine waliondoka kabisa. Wafua shaba na wauza farasi walisambaa hadi Urusi, Ufaransa na Amerika zote mbili, na lahaja wanazozungumza wajukuu wao bado huitwa *Vlax*, yaani za Wallachia.

Kwa hiyo mtu anapouliza kwa nini Waroma "hupenda" kukaa pembezoni, jibu linaanza hapa. Waliwekwa pembezoni mwaka 1856 na hakuna aliyewaita katikati.

## Karne ya 20

10. Nini kiliwapata wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia?

Serikali ya Jemadari Ion Antonescu, mshirika wa Ujerumani ya Hitler, iliwahamisha kwa nguvu Waroma wapatao 25,000 mwaka 1942 na kuwapeleka Transnistria, eneo la Ukraine lililokuwa mikononi mwa Romania. Kwanza, Mei mwaka huo, polisi walifanya sensa maalumu ya wahamaji na ya wakazi walioitwa "hatari" au wasio na kazi. Wahamaji, zaidi ya 11,000, waliondoka wakati wa kiangazi kwa mikokoteni yao wenyewe. Wakazi, zaidi ya 13,000, walipakiwa katika garimoshi Septemba. Miongoni mwao walikuwamo jamaa za askari waliokuwa vitani wakiipigania Romania hiyo hiyo.

Walitupwa katika vijiji vya kando ya mto Bug. Mikokoteni na farasi vilichukuliwa, na hivyo wahamaji wakapoteza kwa siku moja nyumba, usafiri na kazi. Majira ya baridi ya 1942 na 1943 yalileta njaa na tifasi, homa inayoenezwa na chawa. Tume ya kimataifa iliyoongozwa na Elie Wiesel, iliyotoa ripoti mwaka 2004, ilikadiria kwamba karibu 11,000 walikufa. Waliosalia walirudi mwaka 1944 kwa miguu, jeshi la Sovieti likisonga mbele nyuma yao. Rais Traian Băsescu aliomba radhi kwa niaba ya dola mwaka 2007.

Wazee waliookoka waliwaonya watoto wao wasikubali tena kuandikwa jina katika orodha yoyote, na onyo hilo ndilo sehemu ya jibu la swali la 3.

11. Ukomunisti uliwasaidia au uliwaumiza?

Ulifanya yote mawili. Waroma waliajiriwa viwandani na katika mashamba ya ushirika, wakapata mishahara, nyumba na shule kwa wingi usiokuwapo kabla. Lakini dola halikuwatambua kama taifa miongoni mwa mataifa madogo ya nchi, hivyo hawakuwa na shule kwa lugha yao wala magazeti. Wahamaji walilazimishwa kutulia katika miaka ya 1960. Sarafu za dhahabu ambazo familia za *căldărari* huzirithisha kwa wanawake ziliporwa na polisi. Amri ya 1966 iliyokataza utoaji mimba, iliyolenga nchi nzima, ilijaza nyumba za yatima, na watoto wa Kiroma walikuwa wengi humo kuliko uwiano wao katika idadi ya watu.

12. Mambo yalibadilikaje baada ya ukomunisti kuanguka mwaka 1989?

Milango ilifunguka. Waroma walitambuliwa kisheria, wakaunda vyama, na hadi leo chama chao kimoja hupata kiti bungeni kilichotengwa kwa jamii ndogo. Tangu 1992 vyuo vikuu vilianza kutenga nafasi kwa wanafunzi wa Kiroma. Msomi Nicolae Gheorghe, mwanasosholojia aliyefariki mwaka 2013, alilifikisha suala lao katika vikao vya Ulaya yote.

Wakati huo huo msingi wa kiuchumi ulivunjika. Mashamba ya ushirika yalipofutwa mwaka 1991, ardhi ilirudishwa kwa wale ambao babu zao waliimiliki. Waroma wengi, ambao babu zao hawakuwahi kupewa ardhi (swali la 9), walitoka mikono mitupu baada ya kulima mashamba hayo kwa miongo minne. Hakuna sheria iliyowataja kwa jina, na haikuhitajika kuwataja.

Ghasia zilifuata. Katika kijiji cha Hădăreni, Septemba 1993, ugomvi uliomuua kijana wa Kiromania uligeuka kuwa shambulio la kijiji kizima. Wanaume watatu wa Kiroma waliuawa na nyumba zaidi ya kumi zikachomwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliihukumu Romania katika kesi hiyo mwaka 2005. Mauaji ya namna hiyo yamekoma, lakini kufukuzwa katika makazi hakujakoma: Desemba 2010 familia 76 zilitolewa katikati ya mji wa Cluj na nyingi zikapelekwa Pata Rât, jirani na jalala la mji. Mwaka 2021 ilianza kutumika sheria inayokataza chuki dhidi ya Waroma.

## Lugha, kazi na desturi

13. Je, Waroma wote wanazungumza Kiromani?

Hapana. Katika sensa ya 2011 watu wasiofikia 250,000 waliitaja kuwa lugha yao ya mama. Wengine huzungumza Kiromania au Kihungaria tu. Kiromani hufundishwa shuleni tangu miaka ya 1990, na kazi kubwa ya kuandaa vitabu na walimu ilifanywa na mwanaisimu Gheorghe Sarău wa Chuo Kikuu cha Bucharest.

14. Kwa nini wanahusishwa sana na muziki?

Kwa sababu muziki ulikuwa kazi ya watumwa wa nyumbani. Kabaila alimiliki bendi kama alivyomiliki wapishi, na mpiga fidla hodari aliongeza heshima ya nyumba. Kutoka utaratibu huo ukazaliwa muziki wa *lăutari*: fidla, zeze kubwa la nyundo liitwalo *țambal*, na kinanda cha mkono, zikipigwa harusini tangu jioni hadi mchana wa pili. Grigoraș Dinicu, aliyezaliwa katika ukoo wa *lăutari* mwaka 1889, alifika hadi kumbi za muziki za kimataifa. Leo bendi ya Taraf de Haïdouks ya kijiji cha Clejani na bendi ya tarumbeta ya Fanfare Ciocărlia ya Zece Prăjini zimezunguka dunia.

15. Kazi za mababu bado zipo?

Baadhi zipo. Katika Brateiu, mkoa wa Sibiu, *căldărari* bado hukata bamba la shaba nyekundu, hulipasha moto, huligonga kwa nyundo ya mbao na kisha ya chuma hadi litune tumbo la pipa, na kuunganisha ukingo kwa meno yanayokamatana kabla ya kulehemu. Wateja wao wakuu ni wakulima wanaopika *țuică*, pombe kali ya zambarau za Ulaya. Plastiki na alumini ziliua soko la sufuria, lakini pombe hiyo bado hutaka shaba. Waliopoteza soko kabisa wamehamia biashara ya vyuma chakavu, ujenzi na kazi za msimu nje ya nchi.

16. *Kris* ni nini?

Ni baraza la wazee wa *căldărari* na makundi ya karibu nao, linaloamua kesi za ndoa, madeni na heshima. Pande mbili huchagua waamuzi, kila mtu husikilizwa hadharani, na hukumu kwa kawaida ni fidia au kutengwa. Baraza hili halina polisi. Nguvu yake ni hofu ya kukatwa na jamaa. Makundi mengi mengine hayana *kris* kabisa.

## Maswali yenye utata

17. *Rudari* husema wao si Waroma. Je, ni nani mwenye haki ya kuamua?

Wao wenyewe. *Rudari* walikuwa watumwa chini ya sheria ile ile (swali la 5), na majirani huwaita kwa jina lile lile, lakini wengi hawajui Kiromani, huzungumza Kiromania tangu vizazi, na hujiona kuwa jamii ya peke yake. Mtafiti anaweza kuandika historia yao ya pamoja na Waroma bila kuwabandika jina wanalolikataa.

18. Je, Waroma wana mfalme?

Hakuna mfalme anayetambuliwa na wote. Ion Cioabă wa Sibiu, kiongozi wa *căldărari* aliyekuwa na ushawishi wa kweli na aliyewadai fidia waliookoka Transnistria, alijitangaza mfalme mwaka 1992. Mwaka uliofuata Iulian Rădulescu, wa mji huo huo, alijitangaza kaisari. Vyombo vya habari vilipenda mataji hayo kuliko Waroma wenyewe walivyoyapenda.

19. Mbona tunawaona wakiomba katika miji ya Ulaya Magharibi?

Tangu Romania ijiunge na Umoja wa Ulaya mwaka 2007, raia wake wote wanasafiri kwa urahisi, na miongoni mwa walioondoka walikuwamo waliokuwa hawana cha kuacha. Mtu anayeomba barabarani huonekana. Mroma anayejenga nyumba, anayevuna matunda au anayeuguza wazee haonekani, kwa kuwa hakuna anayemuuliza kabila lake. Pia si kila anayeomba akiwa na pasipoti ya Romania ni Mroma, na si kila Mroma wa Ulaya Magharibi ametoka Romania. Wapo walioishi Ujerumani, Ufaransa au Hispania tangu karne ya 15.

20. Mtoto wa mzazi mmoja Mroma huhesabiwa vipi?

Kisheria huhesabiwa kama anavyojitaja, na anaweza kubadilisha tamko lake kutoka sensa moja hadi nyingine. Nafasi za vyuo zilizotajwa katika swali la 12 hutaka barua ya shirika la Kiroma inayomthibitisha mwombaji, na hapo vijana wengi wa ndoa mchanganyiko hujitambulisha hadharani kwa mara ya kwanza, wakati mwingine kabla hata ya kumwambia bibi wa upande wa pili.